Gunia Chini ya Ngazi

Mama mkwe alitandika gunia kwenye vigae vya baraza, akaniambia nisimamishe ngazi juu yake. "Tusije tukakwaruza sakafu ya watu."

Nililipiga teke likaruka mpaka uani.

"We mwanamke, una wazimu?"

Mume wangu alikuwa fundi rangi, nami mshika ngazi wake. Naye alikuwa na adabu hiyohiyo ya gunia. Mwaka jana gunia liliteleza, ngazi ikaondoka nalo yeye akiwa juu, nikamzika. Tangu matangani mama yake anamwambia kila mwenye masikio kwamba niliachia. Leo brashi ninayo mimi, na yeye amejileta kunishikia, eti nione kazi inavyofanywa!

Nilisimamisha ngazi kwenye vigae vitupu, soli zake za mpira zikashika imara. Kisha nikatoa kamba nikaifunga ngazi kwenye nondo za dirisha la chini, kushoto na kulia, nikaikaza mpaka viganja vikawaka moto.

"Kamba ya nini na mimi nimeshika? Au huniamini?"

Alikuwa ameikamata ngazi kwa mikono miwili, mishipa imemtoka shingoni. Maneno yote niliyomwekea mwaka mzima nikayaacha.

"Nakuamini, mama. Hata mimi siku ile nilishika hivyohivyo. Lililoteleza ni gunia."

Aligeuka, akalitazama lile gunia kule uani.

"Kulitandika," alisema polepole, "nilimfundisha mimi."