Maiti wa Mradi

Fuad hakuwa amekufa, na hilo tulimalize mapema, maana siku ile mtaa mzima wa Kibokoni ulikuwa na habari nyingine.

Alikuwa amelala chali ndani ya jeneza, kafunikwa shuka nyeupe mpaka utosini, jasho lamtiririka mgongoni, na pua yamuwasha ajabu. Hakuthubutu kujikuna. Alikuwa amekubaliana na mradi kuwa maiti, na Fuad kwa miradi alikuwa mtu wa ahadi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa mafua ya ndege. Wafadhili wa ng'ambo walitoa fedha ili watu wa Mombasa wajiandae, ugonjwa ukizuka usiwakute wamekaa kitako. Jambo jema, nani atakataa? Ila mpaka hapo maandalizi yalikuwa ni chai na sambusa katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kumtia mtu hayo mafua yenyewe, na Fuad hakukosa kikao hata kimoja. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Leo malaria, kesho mikoko, keshokutwa kunawa mikono. Ukimwona ana kitambulisho kinaning'inia shingoni, jua kuna mahali pana chakula cha mchana.

Hapo ndipo alipokosana na Mzee Abdulghafur, muuza kuku wa Marikiti, baba yake Nasiha. Fuad na Nasiha walipendana, na si kwa siri. Lakini posa ilipopelekwa, mzee alijibu kahawa haijapoa: "Mwanangu simpi mtu wa semina." Na tangu mabango ya mafua ya ndege yabandikwe mjini, hasira zake zilizidi. Kuku hajafa hata mmoja, biashara ndiyo iliyokufa. Wateja wakipita kwake wameziba pua. Sasa alikuja Taha, mwenye duka la vyombo, kijana tajiri na mpole, wala hana kosa lolote ila Nasiha hamtaki. Watu wa Taha walikuwa waje jioni ile ile kuchukua jawabu.

Ndipo Bwana Ronald, mtaalamu wa mradi, alipompa Fuad maneno matamu. Tutafanya zoezi la kumzika mtu aliyekufa kwa mafua. Wewe uwe maiti. Usipotikisika mpaka filimbi ilie, kazi ya uratibu wa mtaa ni yako, ya mwaka mzima. Kazi ya mwaka mzima! Fuad akajiona yuko barazani kwa mzee na habari hiyo kabla watu wa Taha hawajavua viatu. Kwa kazi ile angekufa hata mara mbili.

Mpango ulikuwa vijana wanne wavae yale mavazi meupe ya kujikinga, glavu na miwani, wabebe jeneza hadi Ndia Kuu, na watu wasimame mbali wajifunze. Lo! Mavazi yalikuwa bandarini Kilindini ndani ya kontena, yangoja muhuri wa bwana mmoja aliyekwenda likizo. Fulana za mradi zilikuwa humo humo. Bwana Ronald akasema haidhuru, tufanye kana kwamba yamevaliwa. Basi vijana wakabeba jeneza wakiwa na kanzu zao, kwani walikuwa ndio kwanza watoke msikitini kuswali adhuhuri.

Sasa hebu niambie. Jeneza latoka kichochoroni, limebebwa na watu wenye kanzu, sala imetoka sasa hivi. Mtu wa Mji wa Kale ataona semina hapo?

Mtu wa mji akiona jeneza haulizi. Huacha mizani, huacha kikombe, akatia bega. Kuna thawabu zake, na ni aibu maiti akupite umekaa. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya ndevu. Muuza kahawa alitua dele lake chini. Wale vijana wanne wakasukumwa kando na watu wenye haraka ya thawabu, wakabaki nyuma wakipiga kelele.

"Nani?" mtu akauliza.

"Ni Fuad! Fuad wa semina! Lakini jamani..."

Hiyo lakini haikusikika. Tahlili ilishapanda juu, na jeneza likashika mwendo. Kwenye kona ya kwenda Ndia Kuu, alikokuwa akingoja Dada Mejumaa, muuguzi mwenye filimbi, watu hawakupinda. Walishika njia ya Kikowani, kwenye makaburi, kama wafanyavyo siku zote.

Mbona tunakimbia? Fuad akajiuliza chini ya shuka.

"Amekufa na nini, maskini?"

"Mafua ya ndege, wasema."

"Sub-hanallah. Na ni mtu aliyeyasomea!"

"Alikuwa kijana mwema. Hakutoka semina ila alituletea kalamu."

Fuad alitaka kulia kwa kujihurumia. Kisha karibu na sikio lake la kushoto akasikia sauti anayoijua, sauti iliyokuwa imerudi nyumbani mapema kwa kukosa wateja, na sasa ilikuwa ikitetemeka.

"Nimemdhulumu kijana huyu," Mzee Abdulghafur alisema. "Jana kanisalimu, sikumwitika. Shuhudieni, waungwana! Mwanangu nampa huyu. Nimechelewa, lakini nimempa!"

Moyo wa Fuad ukaruka. Aamke? Filimbi haijalia bado. Akavumilia, akijipigia hesabu: kauli ya mzee anayo, avute subira kidogo tu, apate na kazi.

Ndipo jeneza likapita chini ya nyumba ya mzee, na Nasiha akauliza kutoka dirisha la juu, "Baba, nani huyo?"

Mzee aliinamisha uso. Mwingine akamjibu. Nasiha alipiga ukelele wa jina la Fuad, ukelele uliomchoma Fuad mpaka kwenye mifupa, na hapo akaona kazi na ipotelee mbali. Akaketi.

Jeneza halijawahi kutuliwa upesi vile. Waliokimbia walikimbia, kinyozi akiwa mbele. Waliobaki walisoma walichokumbuka. Mejumaa akafika akihema, Bwana Ronald nyuma yake, filimbi ikalia ilipokuwa haina kazi tena.

"Mmeligusa kwa mikono mitupu!" Mejumaa aliwafokea. "Kama ingekuwa kweli, nyote mmekufa! Mmesikia? Nyote!"

"Umeamka kabla ya filimbi," Bwana Ronald akamwambia Fuad. "Kazi hiyo sahau."

Fuad hakumtazama. Alijifunga shuka kiunoni, akamgeukia mzee. "Mzee wangu, kauli yako nimeisikia, na watu wote wameisikia."

Mzee Abdulghafur alifuta machozi, na yalipokauka ikaonekana hasira iliyokuwa chini yake. "Ala! Mimi niliyempa ni marehemu. Wewe uliye hai sikujui. Watu wa Taha waja jioni, nami nitawapa jawabu lao."

Juu dirishani Nasiha alivuta leso yake kichwani. Macho yalikuwa mekundu, sauti kavu.

"Vyema, baba. Ikiwa mume uliyenipa ni marehemu, basi mimi mjane wake, kizuka. Naingia edani sasa hivi, miezi minne na siku kumi. Na wewe wajua, kizuka haposwi."

Akafunga dirisha.

Kwanza alicheka Mejumaa, kisha mtaa mzima. Mzee alimtazama huyu na yule, akitafuta mtu wa kumwambia kwamba dini haisemi hivyo, na kila aliyemtazama alikuwa ameshika mbavu. Hata Fuad alicheka, na chozi likimtoka.

Jioni ile watu wa Taha walipobisha hodi, Mzee Abdulghafur aliwapokea mwenyewe, akawakaribisha kahawa na halua, akakohoa, kisha akawaambia huku akitazama sakafu kwamba wamsamehe sana, bintiye amefiwa na mume.