Uzi Mwekundu kwenye Pindo

Saa tatu asubuhi mashine sita zilikuwa zikinguruma kwa pamoja, na Kasi alikuwa kwenye shuka yake ya saba. Zilikuwa shuka za kijani, zile ambazo hospitali humfunika nazo mgonjwa anapopasuliwa, zenye tundu la mstatili katikati ambamo daktari hufanyia kazi yake. Ukishakunja pindo na kufika kwenye kona, unabadilisha uzi na kupiga mishono mitatu ya rangi yako. Kila fundi alikuwa na rangi yake. Mtindo huo aliuleta msimamizi, na wala hakuwa na nia ya kuwaenzi. Alitaka shuka ikirudi imefumuka ajue akate ujira wa nani.

Kasi lilikuwa jina la kazini, alilopewa enzi zile mguu wake kwenye pedali haukuwa na mpinzani. Siku hizi akipanda ngazi tatu anashika ukuta. Kizazi kilikuwa kimeota uvimbe, si sehemu moja, tano, na kila mwezi damu ilimtoka siku kumi mfululizo. Tumbo lilifura hadi majirani wakamhesabia mimba ya miaka minne. Kwenye foleni watu walimpisha wakidhani mjamzito, na yeye, Mungu amsamehe, alipita. Wenzake kazini waliuita uvimbe huo "mpangaji", kwa sababu ulijikaribisha wenyewe, haulipi kodi, na kila mwaka unaongeza vyumba.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mume wake, fundi bomba, aliyekaa kwenye benchi la maabara tangu mapambazuko akisubiri majibu ya damu ya mkewe.

"Kumi!" alipiga kelele upande wa pili. "Kumi nukta mbili! Umenisikia?"

"Sema tena."

"Kumi nukta mbili, mke wangu!"

Kasi alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Kumi nukta mbili!" akawatangazia wenzake, na mashine zote zikanyamaza kwa mkupuo. Kisha vikaja vigelegele. Fundi mzee wa pembeni, waliyemwita Bibi Kifungo, alirusha futi yake ya kupimia hewani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Mpangaji anahama kesho!" alisema. "Atoke na virago vyake!"

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Daktari hakubali kumpasua mtu ambaye damu yake haijafika kumi, na Kasi alikwisharudishwa nyumbani mara mbili, mara ya kwanza akiwa na saba, mara ya pili nane na ushee. Miezi mitatu alikula maharage, maini na mboga za majani mpaka akawa anaziota, na kumeza vidonge vya madini ya chuma vilivyomsokota tumbo. Sasa amefika. Lakini zilibaki siku sita tu kabla hedhi haijaanza tena kuimwaga damu hiyo yote, na daktari wa upasuaji huja Alhamisi peke yake. Leo Jumatano. Saa nane mchana awe kitandani wodini, na kila kifaa kilichoandikwa kwenye orodha ya vitu ambavyo mgonjwa hujinunulia kiwe mkononi mwa sista wa wodi. Akikosa Alhamisi hii, anaanza upya. Na daktari alishamwambia bila kuzunguka: mpangaji akizidi kukua, siku moja itabidi kung'oa na nyumba. Kasi alikuwa na miaka thelathini na minne, na mtoto bado anamtaka.

Alifika wodini saa nne akihema, akicheka peke yake, na mfuko wa turubai begani. Ndani ya mfuko huo kulikuwa na jasho la mwaka mzima. Alinunua kidogo kidogo, mwezi huu nyuzi za kushonea tumbo, mwezi ule mpira wa mkojo, glavu, dripu, dawa ya usingizi. Watu wawili wa kuchangia damu pia walikwishapatikana. Mume wake na shemeji yake walitoa Jumatatu, na shemeji mpaka leo alikuwa anatembea na plasta mkononi ili asifiwe.

Sista wa wodi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitoa vitu kimoja kimoja na kuvitia alama ya vema. Akafika mwisho, akatazama karatasi tena.

"Pakiti ya shuka za upasuaji iko wapi?"

"Shuka? Kwenye orodha yangu hakuna shuka."

"Orodha imebadilika tangu Jumatatu. Kila mgonjwa anakuja na pakiti yake, mpya, yenye muhuri, na risiti ya duka lile la ng'ambo ya barabara."

"Sista, mimi shuka hizo ndizo nashona! Ndiyo kazi yangu!"

"Hongera, dada yangu. Lakini si mimi niliyeandika."

Kasi alivuka barabara mbiombio. Muuza duka, kijana mtanashati mwenye kalamu sikioni, alimtajia bei. Kasi akamwomba arudie, kijana akarudia, na bei ilikuwa ileile. Ili alipwe pesa hiyo Kasi angelazimika kushona shuka sitini, na pakiti ilikuwa na shuka mbili.

"Naomba niione basi."

Alipewa pakiti ya nailoni angavu. Muhuri upo, karatasi yenye neno "MPYA" ipo. Aliigeuza kwa mazoea ya fundi, akitafuta kona. Kwenye pindo kulikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu. Mwekundu ulikuwa wake yeye. Lakini ulikuwa wake mwaka jana. Uzi huo ulipoadimika, tangu mwanzo wa mwaka msimamizi alimpa wa manjano, na hakuna fundi mwingine aliyewahi kuutumia ule mwekundu. Akaiinua pakiti kwenye mwanga. Kijani kilikuwa kimepauka, na pembeni mwa tundu kulikuwa na kivuli cha doa ambalo sabuni ilishindwa nalo.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ikilipiwa itakuwa yako, mama."

"Sikiliza, kijana. Hii niliishona mwaka jana. Imeshatumika, imefuliwa, imefungwa tena. Mmeiuza mara ngapi?"

Kijana alitoa kalamu sikioni, akairudisha. "Unanunua au hununui? Kuna watu nyuma yako."

Nyuma yake kweli walikuwepo watu, watatu, kila mmoja na orodha yake mkononi. Kasi aliwatazama, akaiweka pakiti mezani na kutoka, akavuka barabara kurudi wodini.

Sista alimsikiliza hadi mwisho. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akachungulia mlangoni kabla ya kujibu.

"Unadhani hatujui?" alisema kwa sauti ya chini. "Zinatoka chumba cha upasuaji, zinakwenda kwa dobi. Zikitoka kwa dobi, nyingine hatuzioni tena, mpaka zije na mgonjwa. Ukipiga kelele leo, jina lako litarukwa kwenye orodha ya kesho, na mimi nitahamishiwa chumba cha maiti. Unataka kelele au unataka kupasuliwa?"

"Nataka kupasuliwa," Kasi alisema. Na alichukia jinsi alivyojibu haraka.

"Basi."

"Ila nikuulize. Hizo za dukani, zikifika, mnazitumia hivyohivyo?"

"Zipite kwenye mvuke wa kuua vijidudu kwanza. Lazima."

"Kwa hiyo mimi nikishona yangu, mpya kabisa, kipimo kilekile, nayo ikapita kwenye huo mvuke wenu?"

Sista alivaa miwani. "Saa nane," alisema. "Saa nane na dakika moja sipo."

Kasi hakukumbuka mara ya mwisho kukimbia, na ile haikuwa kukimbia hasa, lakini mume wake, aliyetoka maabara kumfuata wodini, alilazimika kuongeza hatua. Sokoni alinunua mita sita za kitambaa cha kijani kwa pesa za chakula cha siku za kulazwa. Hazikufika hata robo ya bei ya pakiti. Saa sita na nusu waliingia kazini. Msimamizi alikuwa ametoka kwenda kula, na mafundi walikuwa wamefungua vyakula vyao. Kasi aliwasimulia kwa pumzi mbili. Hakuna aliyeuliza swali. Vyakula vilifunikwa.

Bibi Kifungo alipima, mwingine akakata, wawili wakakunja mapindo, mmoja akashona tundu. Fundi bomba alipewa kazi ya kupiga pasi, akaunguza kidole na kutukanwa kwa upendo. Kasi mwenyewe alikaa kwenye mashine yake, na mguu ule wa zamani ukamrudia, trrrr, pindo likawa linakimbia mbele ya sindano.

"Kwenye kona tuweke rangi ya nani?" aliuliza Bibi Kifungo.

"Zote," Kasi alisema. "Nileteeni nyuzi zenu zote."

Saa nane kasoro dakika nne aliweka shuka mbili mezani kwa sista, zikiwa bado na joto la pasi. Sista alipima urefu kwa mikono, akavuta mishono, akaridhika. Kisha akaifunua ya pili na kusimama. Kando ya pindo, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa herufi za ukubwa wa kiganja na nyuzi za rangi sita, ilikuwa imeandikwa: IMESHALIPIWA. USIUZIWE TENA.

Sista alisoma mara mbili. Mabega yakaanza kumtikisika, akajiziba mdomo kwa mkono. Alipotulia aliikunja shuka, maandishi yakiwa ndani, akavuta daftari. Kwenye safu ya namba ya risiti akaandika: *Amejishonea.*

"Kitanda namba tisa," alisema. "Usile chochote kuanzia sasa. Hizi nitazipeleka kwenye mvuke mwenyewe. Lakini zikishafuliwa, dada yangu, usiniulize zitaishia wapi. Sijui."

"Mimi najua," Kasi alisema, akipanda kitandani na tumbo lake. "Ndiyo maana nimeandika kubwa."