Jibu la Sodiamu

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mkuu wa idara yetu ya sayansi ana kipara. Simtukani, natoa taarifa. Wanafunzi wamembandika jina la Bwana Jedwali kwa sababu hutembea na jedwali la elementi kwenye mfuko wa shati, limekunjwa mara nane, na sijawahi kumwona akilikunjua.

Mimi ni mtunza maabara. Kwa miaka kumi na tisa nimeosha mirija, nimebandika lebo kwenye chupa na kuwasikiliza walimu wakifundisha, wazuri na wabovu. Sina cheti cha ualimu, kwa hiyo kwenye chumba cha walimu wananihesabu pamoja na viti.

Jumatatu jioni binti wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea mimi, alinitupia karatasi ya mtihani wa kemia mezani. Hamsini na nane. Wanaoingia mchepuo wa sayansi ni wa sitini kwenda juu, na orodha ilikuwa inabandikwa kesho yake saa sita mchana. Mtoto huyu hataki kitu kingine duniani. Alipokuwa na miaka saba alikuwa analia nikifunga mlango wa maabara.

"Mama mdogo, hebu soma swali la tisa," alisema.

Swali lilitaja sodiamu, magnesi na alumini, likauliza ipi huyeyuka kwa joto kubwa kuliko zote, na kwa nini. Yeye alijibu alumini. Alieleza kwamba ndani ya metali kila atomi huachia elektroni zake za nje zikawa mali ya wote, na hizo ndizo gundi inayoshika atomi pamoja. Atomi ya sodiamu huchangia moja tu, tena ni kubwa, kiini chake kiko mbali na gundi hiyo na kinaivuta kivivu. Alumini huchangia tatu, atomi yake ni ndogo, kiini kiko karibu, kinavuta kwelikweli. Hoja ilinyooka kabisa. Chini yake, kwa wino mwekundu wa Bwana Jedwali: "Sifuri. Ni SODIAMU. Atomi kubwa, nguvu kubwa."

Nilicheka mpaka mtoto akanikasirikia. Nikamwambia alale, kesho nitamnyoosha yule debe tupu, na kwamba katika nyumba hii hatupigii wajinga magoti.

Kesho yake, saa nne ya chai, nilimkuta Bwana Jedwali mezani na walimu wenzake. Ni mtu wa kunywa chai huku kijiko kimo kikombeni. Kijiko humchoma shavu kila siku, na hajawahi kujiuliza afanyeje.

"Mwalimu, swali la tisa umekosea," nilisema.

"Mama, we osha chupa zako," alijibu. "Mkubwa ni mkubwa. Hata kwako nyumbani, anayeishikilia familia ni nani? Si mkubwa? Na atomi ni hivyohivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa limetoka wapi. Alisikia kwamba atomi ya sodiamu ni kubwa kuliko zile nyingine mbili, jambo ambalo ni kweli tupu, basi akaivalisha suti na kuipa ofisi. Mtu mzima, na mshahara anapokea.

Nilikwenda maabara nikarudi na glavu, kigae na chupa ya sodiamu iliyozamishwa kwenye mafuta ya taa. Nikatoa kipande kwa koleo, nikakiweka kwenye kigae, nikachukua kisu cha mkate. Kisu kilipita kama kwenye sabuni iliyolowa.

"Mkubwa wako huyo," nilisema, nikakirudisha kipande kwenye mafuta.

"Ulaini si kuyeyuka," alisema upesi. Nakiri alikuwa sahihi, kwa mara ya kwanza muhula ule.

"Haya. Sodiamu huyeyuka hata kabla maji hayajachemka. Hicho kijiko chako ni cha alumini, na kimelala kwenye chai ya moto tangu ulipokaa. Kimeyeyuka?"

Walimu waliangua kicheko. Alikitoa kijiko, akakitazama mbele na nyuma. Alielewa, naapa alielewa, maana masikio yalimwiva. Kisha akakilaza kwenye sahani.

"Mwongozo wa majibu umeshapigwa mhuri na mkuu wa shule," alisema. Mkuu wa shule ni shemeji yake. "Ila mimi si katili. Kuna fomu ya masahihisho. Mwanafunzi akiandika jibu la mwongozo na kutia sahihi, anarudishiwa nusu ya alama. Swali lina alama nne. Atafika sitini. Mwite."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa na kengele mbili zikapita bila mwalimu hata mmoja kwenda darasani. Hakusogea hata unywele, kama angekuwa nao. Saa tano na nusu nikamwita mtoto.

Aliisoma fomu akiwa amesimama. "Lakini sodiamu siyo," alisema.

"Andika," alisema Bwana Jedwali kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

Binti alinigeukia. Alikuwa anasubiri niseme. Walimu wote walikuwa wanasubiri, na mimi mwenyewe nilidhani nitasema.

"Andika tu, mwanangu," nilisema. "Neno moja halikuui." Sauti ilinitoka nyembamba, nikaichukia.

Alichukua kalamu, akaishika kidogo, kisha akanikabidhi.

"Basi andika wewe, mama mdogo. Mimi nitatia sahihi."

Walimu waliinamia vikombe vyao vitupu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Nikavuta kiti, nikaandika sodiamu, kwa herufi kubwa, Bwana Jedwali asije akasema haisomeki.