Naibu wa Kando ya Tangi

Nasimiyu alitoka Sirisia, kule Bungoma, alfajiri, na tangu aingie lango la shule ile ya Kitale hakuelewa kitu. Barua aliyobeba ilimtaka mzazi wa Phelista, bintiye wa darasa la nane, afike mbele ya kamati. Phelista, aliyekaa kwa shangazi yake hapo Kitale, alikuwa ametupa kiboko cha mwalimu chooni. Kamati ikimkataa, mtihani wa mwisho atausikia redioni.

Uwanja ulijaa wazazi. Alipouliza kamati iko wapi, akajibiwa, "Ngoja hapo, mama, si ndiyo tunachagua?" Akajiegemeza kando ya tangi la maji.

Wanaume wawili, Mzee Wepukhulu na Hillary, wakajitenga, na watu wakapanga foleni nyuma yao, kila mtu kwa amtakaye. Mara mama mmoja akasimama nyuma ya Nasimiyu. Kisha wa pili, wa tano. Akadhani wanataka maji, akasogea awapishe. Foleni nayo ikasogea.

"Maji yako pale," aliwaambia.

"Tumechoka na wanaume tu, bana. Wewe simama."

Asimame afanye nini? Mwalimu mkuu akapita akihesabu vichwa. "Mama wa mbele, jina?"

Kesi imeitwa! "Nasimiyu wa Sirisia. Naomba mnisamehe."

Makofi. Ikatangazwa: Wepukhulu mwenyekiti, Nasimiyu naibu wake. Watu wakasema huyu mama ana adabu. Akaingizwa ofisini, akapewa kiti na soda. Akainywa akishangaa ni kamati gani hii inayowanywesha washtakiwa.

Wepukhulu akafungua faili. "Ya kwanza. Phelista, darasa la nane. Mzazi amefika?"

"Nimefika," alisema naibu mwenyekiti.

Nasimiyu akainuka, akazunguka meza, akasimama wanaposimama wazazi. Kutoka pale akakiona kiti kitupu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo jambo moja likamwingia vizuri: kile kiti ni chake.

"Mtoto alikosa," alisema. "Lakini mimi naibu nauliza. Kiboko si serikali ilikataza? Kilikuwa kinatafuta nini darasani?"

Mwalimu mkuu akaitazama soda yake. Wepukhulu akamtazama mwalimu mkuu, na hakuondoa macho.

"Jumatatu," mwalimu mkuu alisema hatimaye. "Mtoto aje darasani mapema."

Nasimiyu akarudi kukaa. Akamwinamia mwenyekiti. "Mzee, samahani. Naibu kazi yake ni nini?"

"Si ndiyo hiyo umefanya?" alisema Wepukhulu.