Mhojiwa Namba Kumi na Saba

Daktari Apolinaria alikuwa amesoma kweli. Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia, "Batuli, una wivu." Nilimpigia taipu kazi zake miezi saba, mwaka ule wa sabini na tano uliotangazwa dunia nzima kuwa mwaka wa wanawake, na ninajua alichokuwa nacho kichwani. Mtoto wa Ipuli, hapa hapa Tabora, wa nyumba ya Kikatoliki, alikwenda Ulaya na sanduku moja akarudi na matatu, mawili ya vitabu. Fani yake ilikuwa uchumi na siasa za dunia, na nafasi ya mwanamke humo ndani. Ukimuuliza bei ya tumbaku inapangwa wapi, alikuchukua shambani, akakupitisha bandarini, akakuvusha bahari na kukuingiza katika chumba ambamo wazungu sita wanavuta sigara, kisha akakurudisha Tabora ukiwa hoi. Ukimuuliza unga unapatikana duka gani wiki hii, hajui.

Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya mkoani ambayo sitaitaja, kwa sababu pensheni yangu bado inapitia hapo. Niliazimwa kwa Daktari pamoja na taipureta, meza na Tobias, dereva.

Utafiti wake ulihusu wanawake arobaini wa kijiji kimoja cha ujamaa ng'ambo ya Itetemia. Nitakiita Jitihada. Aliwapimia muda wa kulima kwa saa ya kupimia wakimbiaji. Aliwapimia mizigo ya kuni kwa mizani. Alikuwa na fomu yenye maswali sitini na mawili, na swali la kwanza lilikuwa: "Unauonaje mchango wako katika mfumo wa ubepari wa dunia?" Wengi walijibu, "Tunauona tu." Nililipiga taipu jibu hilo mara ishirini na sita. Na kila mahojiano, wajumbe watatu wa halmashauri ya kijiji pamoja na katibu wao, wanaume wote, walikaa kwenye viti kusaidia wanawake wasikosee majibu.

Siku moja, saa nne asubuhi, akaingia ofisini mama mmoja wa makamo, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe unayeandika zile habari zetu?"

"Ndiye mimi."

"Nimekuja kujiona."

Nikampa kiti na chai ya rangi, sukari ilikuwa haipatikani, na akanieleza. Anaitwa Pelagia. Mumewe, Bernardo, alifariki mwaka juzi. Walikuwa na eka mbili za tumbaku, na tangu ndoa yao ni yeye aliyekuwa akiotesha miche, akikata, akichambua majani na kuyapanga kwa madaraja. Bernardo alikuwa akihudhuria mikutano. Sasa daftari la kijiji linaandikwa upya, na humo shamba huandikwa kwa jina la mkuu wa kaya. Anayeshika daftari ni katibu wa kijiji, na katibu ni Dionis, shemeji yake, mdogo wa Bernardo. Dionis ameshatangaza kwamba shamba litahamia kwake. Pelagia ataruhusiwa kuendelea kulilima.

"Lakini yule binti msomi aliniambia habari zangu zitaandikwa na kusomwa mbele ya wakubwa," akasema. "Nikajisemea, wakubwa wakishaliona jina langu huko juu, Dionis atalifuta vipi huku chini? Nionyeshe."

Nikaifungua ripoti. Kurasa themanini na sita. Nikampata ukurasa wa arobaini na moja, maneno yake yote, na maumivu ya mgongo yamo. Juu yake nilikuwa nimepiga taipu kwa mikono yangu: Mhojiwa Namba 17, mjane, umri takriban miaka hamsini na mitano.

"Huyu ndiye wewe, mama."

Akaigusa karatasi. Alikuwa amehudhuria kisomo cha watu wazima na alijua kusoma, polepole, kwa kidole. Akaenda mpaka chini, akarudi juu. "Pelagia iko wapi?"

Bahati nzuri, au mbaya, Daktari akaingia wakati huo huo na mafaili kifuani. Nikamwambia mama ana swali: kwa nini jina halipo?

"Aa, mama!" Daktari akamshika mkono kwa furaha ya kweli. "Majina hatuandiki. Ni kanuni ya utafiti dunia nzima. Tunakulinda."

"Mnanilinda na nani?"

"Na yeyote anayeweza kukudhuru kwa uliyoyasema."

"Anayenidhuru ni shemeji yangu," akasema Pelagia, "na niliyasema yeye amekaa hapo pembeni."

Daktari akacheka kidogo, akatazama saa, akamwahidi kwamba Alhamisi ripoti itasomwa mbele ya Ndugu Mfaume, afisa mipango, na kwamba mapendekezo yatatekelezwa. Pelagia akaondoka kwa miguu, kama alivyokuja.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu Tabora analijua na ambalo Daktari alidhani ameshalivuka kwa elimu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Ilianza enzi za misafara: Wanyamwezi walishuka pwani na mizigo kichwani, Wazaramo wakawapokea njiani, wakatukanana, wakazoeana, wakazikana. Mtani akikutukana huruhusiwi kukasirika. Akikunyang'anya kofia, unacheka na unaikomboa. Mimi ni Mmanyema, huwa naangalia tu. Daktari Apolinaria ni Mnyamwezi, na Ndugu Mfaume alikuwa Mzaramo halisi.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Daktari akapanda jukwaani na miwani yake, akasoma kwamba mwanamke wa Jitihada anafanya kazi saa kumi na nne kwa siku na mwanamume saa sita, mbili kati ya hizo zikiwa za kikao. Ndugu Mfaume akaangua kicheko. Daktari akasubiri kikome, akaendelea: hapo zamani Mnyamwezi alibeba pembe hadi pwani bila kujua bei yake, na leo mke wake anabeba tumbaku bila hata kujulikana kama anabeba.

"Wapagazi!" akapiga kelele Ndugu Mfaume, machozi yanamtoka. "Babu zenu walitubebea pembe mpaka Bagamoyo, leo mnakuja kutudai!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Kila jedwali alilolisoma lilipigiwa makofi kama wimbo wa ngoma. Alipofika kwenye mapendekezo, kwamba mashamba yaandikwe kwa jina la anayeyalima, Ndugu Mfaume aliinuka, akapiga magoti mbele yake kwa mzaha, akamtunza chupa ya soda. Katika kumbukumbu za mkutano nililazimika kuandika: "Ndugu Daktari alitoa utani mzuri wa kisomi."

Nilidhani atalia. Kidogo alie. Lakini wiki iliyofuata Ndugu Mfaume akaandika barua kwenda makao makuu, niliipiga taipu mwenyewe, akimsifu kuwa "msomi asiyechosha." Na huko juu, ambako wasomi wanaochosha walikuwa wengi kupita kiasi, barua hiyo ikampatia Daktari nafasi ya kwenda kwenye mkutano mkubwa ng'ambo kuwasemea wanawake wa vijijini. Ilibaki saini moja tu ya Ndugu Mfaume. Tangu siku hiyo Daktari akawa anamchekea kila akimwona, nami nikawa namkasirikia mpaka mkono unakosa herufi.

Mwisho wa mwezi Ndugu Mfaume akaenda Jitihada kugonga mhuri daftari jipya. Daktari akafuatana naye, nami nikaenda kuchukua kumbukumbu. Meza iliwekwa mbele ya ghala la tumbaku. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye mikeka. Dionis, katika shati la kaunda lililopigwa pasi vizuri, akasoma kaya moja moja, na kila kaya Ndugu Mfaume akagonga mhuri.

"Kaya ya marehemu Bernardo. Eka mbili za tumbaku. Mwenye shamba sasa: Dionis."

Mhuri ukainuka. Pelagia naye akainuka kutoka mkekani, akaja mpaka mezani, akapiga magoti kama mwanamke wa Kinyamwezi anayemwamkia mgeni, akanyoosha mikono yote miwili. Ndugu Mfaume akauweka mhuri chini ili ampe mkono. Pelagia akauchukua mhuri, akausokomeza ndani ya kanga yake, akavuta na daftari, akalikalia.

"Mzaramo we," akasema, "umepatikana. Komboa."

Kijiji kizima kililipuka. Hata wale wajumbe watatu walicheka.

"Jamani, mpagazi huyu!" Ndugu Mfaume akajipiga paja. "Haya, sema. Unataka kanga? Unataka chumvi?"

"Andika jina langu pale ulipotaka kugonga la huyu."

Kicheko kikapungua taratibu. Dionis akasogea. "Ndugu, hili ni suala la serikali. Si la utani."

Ndugu Mfaume alimtazama Dionis, akamtazama mama aliyekalia daftari. Nilimwona akipima. Afisa anaweza kukataa. Lakini Mzaramo anayemkasirikia mtani wake hadharani, habari zake zinafuata reli mpaka pwani kabla yeye hajafika nyumbani.

Na hapo nani aliyesimama kumwomba Pelagia aondoke? Daktari Apolinaria, bingwa wa ukombozi.

"Mama, tafadhali," akasema kwa sauti ya chini, "tusiharibu. Suala lako liko kwenye mapendekezo, ukurasa wa sabini na tisa. Tufuate utaratibu."

Pelagia akajiweka vizuri juu ya daftari. Ndugu Mfaume akatoa kalamu mfukoni.

"Nimeshikwa, nitalipa," akasema. "Nipe hilo daftari. Jina?"

"Mke wa Bernardo," akasema Dionis haraka.

"Bernardo amekufa. Nataka jina la huyu."

"Mama Anselm," akasema mjumbe mmoja.

"Hilo la mwanawe." Akageuka. "Ndugu Daktari, wewe umekaa nao miezi saba, na unakwenda kuwasemea ng'ambo. Huyu mama anaitwa nani?"

Daktari akafungua daftari lake la utafiti. Mimi nikafungua mdomo, jina liko ulimini, na Pelagia akanyanyua kiganja kunizuia, bila kunitazama.

"Wewe nyamaza, mwanangu," akasema. "Namsubiri huyu."

Akasubiri. Sote tukasubiri. Nilikuwa nyuma ya Daktari, niliziona kurasa anazozifunua: saa za kuchota maji, uzito wa kuni, idadi ya mimba, mchoro wa shamba wenye vipimo. Akafunua mbele, akafunua nyuma. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Nina kila kitu chako, mama," akasema mwishowe.

"Najua," akasema Pelagia. "Nilikupa mimi." Kisha akamgeukia Ndugu Mfaume, akamsogezea daftari. "Pelagia binti Silasi. Andika kwa wino."

Akaandika kwa wino. Akarudishiwa mhuri, akagonga, akapuliza ukauke. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nililia mbele za watu, wala sioni haya kusema. Dionis alikwenda kukaa benchi la mwisho.

Tukarudi mjini, Tobias akiendesha. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia Daktari, makali, yamepangika, ya miezi saba. Nilikuwa nangoja tu ajitetee. Tulipoipita Itetemia akafungua ripoti magotini mwake.

"Batuli."

"Abee."

"Namba moja ni nani?"

Nikafungua mdomo. Namba moja alikuwa na watoto tisa na kisima chake kilikuwa maili nne. Nilimkariri. Nilikuwa nimempiga taipu kwa nakala nne bila kukosea.

"Simjui," nikasema.

"Na namba mbili?"

Tobias akatazama mbele kwenye vumbi. Namba mbili ndiye aliyejikata na jembe mguuni akaendelea kupalilia.

"Simjui, Daktari."

Akaenda hivyo hivyo mpaka arobaini, akaruka moja tu, na kila aliponiuliza nilimjibu neno lile lile.