Mruko wa Ndambuki

Katunge alikuwa na udadisi wa kumkosesha mtu usingizi. Mwaka wa hamsini na sita, gari la sinema lilipofika kambi ya mkonge kule Gatuanyaga, wenzake walitazama picha. Yeye alitazama mashine. Utepe wa picha ukakatika, mwenye gari akatupa kipande, Katunge akakiokota. Kesho yake alikiinua juani. Picha zilikuwa nyingi na zilifanana, ila kila moja ilikuwa imesogea kidogo tu.

Basi naye akaanza kuchora, nyuma ya lebo za makopo ya mananasi zilizotupwa na kiwanda kimoja cha Thika, kisha akazishona pamoja kwa uzi wa katani. Ukiziachia haraka kwa kidole gumba, mtu aliruka, akapinduka hewani, akatua. Mtu huyo alikuwa mjomba wake Ndambuki, gumzo la kila ngoma ya Jumapili hadi jiwe la machimboni lilipomvunja goti. Tangu hapo hakutaka hata kusikia ngoma ikitajwa. Katunge aliogopa kweli. Je, mjomba akidhani anachekwa? Lakini bila yeye, angejuaje kama amepatia?

Alimkuta mlangoni akisokota kamba.

"Mjomba, nimekuchora. Niambie kama ndivyo ulivyokuwa unaruka."

Ndambuki akazipokea lebo, akaziachia kwa kidole gumba mara moja, uso ameukunja. Akarudia.

"Sasa unaniuliza mimi? Mimi nilijiona lini?"

Watu wote wa kambi walimwona Ndambuki akiruka, isipokuwa Ndambuki mwenyewe. Hilo halikuwahi kumjia Katunge akilini.

"Lakini huyu wako anaanguka," mjomba akaendelea, kamba ameisahau. "Mimi nikifika juu nilikuwa nangoja kwanza. Ngoma inapiga, inapiga tena, ndiyo nashuka. Wewe umenishusha haraka hivi, naenda wapi?"

Katunge akaketi papo hapo, akachora kwenye lebo nyingine picha za pale juu, karibu sawa kabisa, akazishonea katikati. Safari hii mtu wa karatasi alipanda, akakaa hewani kidogo, ndipo akashuka.

Ndambuki alitazama, akatazama tena, mpaka macho yakamlowa na hakujali kuyafuta.

"Kumbe nilikuwa hivi," alisema. "Walikuwa wananiambia, nikadhani ni sifa tu za watu."