Mwenye Tai Nyeupe

...na waridi nimelishika kichwa chini kama kuku wa kuchinjwa, kila mtu moja, unaliweka juu ya jeneza, unainama, unarudi, kisha kahawa na keki ya mkate na kamba wa baharini ukumbini, Mungu nisamehe, nawazia keki na Torvald Ekenstam yumo ndani ya sanduku lile, Torvald aliyeliliwa na Uswidi nzima, maana miaka arobaini kwenye filamu alikuwa baba tu, baba mkulima, baba mlevi aliyetubu, baba anayepasua theluji kwa mikono akimtafuta mwanawe, watu walitoka sinema wamevimba macho na mimi nikijiuliza, wangu mimi, mwanawe pia, alimtafuta lini, yule wa kiangazi kile alipokuja kuigiza kwenye bustani ya maonyesho ya mji wetu na mimi nikiuza soseji pale langoni... Sixten huyu hapa ubavuni, fundi bomba, ana mvi, koti kalifunga hadi kidevuni, alipopata kipaimara babake alimpelekea picha yenye saini, jina zima, kama anavyowapa wapita njia, mtoto akaitazama, akaniuliza kama kuna chakula, na tangu hapo uso ule ukitokea kwenye televisheni anazima, nami nikasema moyoni afadhali, hana habari naye... Barbro, jirani yangu, ananipumulia kisogoni kwamba mjane kavaa lulu kama bibi harusi, siku nyingine ningemwongezea na hereni, leo ulimi mzito, kinanda kinavuta wimbo kama kinapanda kilima, safu ya tatu inasimama, bado sisi, Sixten anafungua koti, kuna joto, na kifuani... nyeupe, tai nyeupe, ilhali asubuhi nilimpigia pasi nyeusi kwa mkono wangu, na hapa kwetu mazikoni nyeupe ni ya damu ya marehemu tu, baba, ndugu, mwana, wana wawili wa mjane pale mbele wamezivaa, na sasa wapo watatu, watatu, Bwana wangu, na Barbro kashaona, nani atamficha Barbro kitu...

"Shoga, mwanao kachanganya tai. Mwambie aivue, watamcheka."

...kanirushia kamba mwenyewe, niseme tu ndiyo, wanaume hawa, na tucheke, nimeishika kamba hiyo hiyo tangu kiangazi kile, na Sixten hageuki lakini shingo imekakamaa, anasikia, mzee mzima anangoja mamake atasemaje...

"Hajakosea, Barbro."

...Barbro anarudi nyuma kwenye kiti chake, na safu ya nne ndiyo kwanza inasimama, kinanda bado kiko kilimani, na mimi niliyedhani alizima televisheni kwa kuwa hana habari naye... fundo la tai limekwenda upande, limebana huku, limelegea kule, kalifunga peke yake mbele ya kioo, maana hilo mtoto wa kiume hufundishwa na babake, anasimama nyuma yake, anapitisha mikono mabegani...